Pia ya Goti Inayochomoka: Mwongozo Kamili wa Upasuaji, Tangu Kuamua Hadi Kurudi Uwanjani

Kuna kipimo cha goti ambacho hakihitaji mashine yoyote. Mgonjwa analala chali, mguu umelegea, kisha anayempima anaisukuma pia ya goti taratibu kwenda upande wa nje. Mwenye goti imara atakutazama tu. Ambaye pia yake imewahi kuchomoka atakaza paja lote, atakunja uso, na mara nyingi mkono wake utauwahi mkono wako kabla hajatamka neno. Binti mmoja wa miaka 16, mchezaji wa netiboli, alinikamata kifundo cha mkono kwa nguvu ambayo sikuitarajia kwa mwili wake mdogo. Pia yake ilikuwa imeshatoka mara tatu: mara ya kwanza uwanjani alipogeuka kutoa pasi, mara ya pili akishuka daladala, ya tatu akiinuka kutoka kwenye sijida. Mama yake aliniuliza, "Wanasema apasuliwe. Wanampasua nini hasa?"

Swali hilo ndilo lililonifanya niandike haya. Mimi ni mfiziotherapia; wagonjwa hunijia kabla ya kisu na hurudi kwangu baada ya kisu, na naona wengi wanaingia chumba cha upasuaji bila kujua walichokubali. Nataka msomaji ashike jambo moja: hakuna upasuaji mmoja wa pia ya goti. Pia hutoka kwa sababu fulani, wakati mwingine sababu mbili tatu kwa pamoja, na upasuaji unaofaa ni ule unaoikuta sababu ya goti lako. Jirani aliyepona kwa njia fulani hajakuonyesha njia yako.

Kwa nini inatoka

Pia ni mfupa mdogo uliomo ndani ya kano kubwa ya misuli ya mbele ya paja. Umbo lake linafanana na ile pia ya mbao wanayozungusha watoto kwa kamba: pana juu, imechongoka chini. Kazi yake ni kuipa misuli ya paja nguvu ya kunyoosha mguu, kama kapi inavyosaidia kamba ya kisima. Kila ukikunja goti, pia huteleza ndani ya mfereji uliochongwa mwishoni mwa mfupa wa paja.

Hatari ipo mwanzoni mwa mkunjo. Mguu ukiwa umenyooka kabisa, pia inaelea juu ya mfereji, haijaingia. Inaingia goti linapofika kati ya digrii 20 na 30. Kabla ya hapo, kinachoizuia isikimbilie nje ni ligamenti moja nyembamba ya upande wa ndani, inayotoka kwenye mfupa wa paja hadi ukingoni mwa pia. Kwenye karatasi zako za hospitali utaiona imeandikwa MPFL. Peke yake inabeba zaidi ya nusu ya kazi ya kuizuia pia katika digrii hizo za mwanzo, lakini si kamba nene: katika vipimo vya maabara imekatika kwa nguvu ya takriban njutoni 208, sawa na uzito wa kilo 21 hivi. Ndiyo maana pia inapotoka mara ya kwanza, ligamenti hiyo huchanika karibu kila mara.

Lakini kwa nini itoke kwa huyu na si kwa yule aliyeanguka vilevile? Mwaka 1994, Henri Dejour na wenzake wa Lyon, Ufaransa, walipanga sababu hizo kwa namna ambayo madaktari bado wanaitumia. Mfereji unaweza kuwa na kina kidogo, au bapa kabisa. Pia inaweza kukaa juu mno, ikachelewa kuingia mferejini. Kile kinundu cha mbele ya muundi, ambapo kano ya pia imejishika, kinaweza kuwa kimekaa nje mno, kikawa kinaivuta pia pembeni siku zote. Na pia yenyewe inaweza kuwa imeinama upande. Ongeza hapo magoti yanayogusana mtu anaposimama, mfupa wa paja uliojisokota, na wale wenye viungo laini ambao vidole vyao hupinda nyuma kama vya watoto.

Inapotoka: la kufanya siku hiyo

Mara nyingi pia hurudi yenyewe mguu unaponyooka, na mgonjwa anabaki akisema "goti limeteguka" bila kujua kilichotokea. Isiporudi utaiona imekaa upande wa nje, goti limekunjika nusu. Aliyefundishwa huunyoosha mguu polepole huku akiisukuma pia kwa kiganja kuelekea ndani. Kama hujafundishwa, ufunge mguu ulivyo kwa ubao na kanga, umpeleke mgonjwa hospitali.

Kuna tahadhari moja ambayo sitaki ikupite. Kutoka kwa pia na kutoka kwa goti lenyewe, yaani muundi kuachana na mfupa wa paja, ni mambo mawili tofauti. Hilo la pili linaweza kukata mshipa mkubwa wa damu nyuma ya goti. Ukiona goti zima limepinda vibaya, au unyayo umekuwa baridi, umepauka au umekufa ganzi, hiyo ni dharura ya saa chache.

Goti likijaa ndani ya saa moja au mbili, kilichomo ni damu. Wakati mwingine daktari huitoa kwa sindano ili kupunguza maumivu, na hapo huwa naangalia ile sindano kwa makini: matone ya mafuta yakielea juu ya damu, kama mafuta juu ya mchuzi, kuna mfupa uliovunjika ndani. Pia inapotoka na kurudi hugonga ukingo wa mfupa wa paja, na kipande cha gegedu, yaani lile tabaka laini linalofunika mwisho wa mfupa, pamoja na mfupa wenyewe kinaweza kumeguka.

Wala lisichuliwe. Najua wazee wetu wana mikono mizuri, na yapo maumivu ya misuli yanayopoa kwa kukandwa. Goti lililojaa damu si mojawapo. Barafu ndani ya kitambaa kwa dakika 15 au 20, mguu uinuliwe, bandeji isiyobana sana, basi.

Je, kila aliyetokwa na pia apasuliwe?

Hapana. Ikitoka kwa mara ya kwanza, na picha zikionyesha hakuna kipande kilichomeguka, wengi huanzia kwenye mazoezi. Patrick Mahomes, mchezaji wa soka ya Marekani, alichomokwa na pia uwanjani Denver tarehe 17 Oktoba 2019. Wahudumu wakairudisha palepale kwenye nyasi, na baada ya siku 24 akawa amerudi kucheza bila kupasuliwa. Februari iliyofuata timu yake ikatwaa ubingwa. Simtaji ili ujipime naye, maana yeye alikuwa na wahudumu mchana na usiku. Namtaja kwa sababu wazazi wengi huamini kuwa kutokupasua ni kumtelekeza mtoto.

Ila hata tiba isiyo ya kisu ina namna yake. Kufungwa hogo wiki sita ni desturi ambayo ningependa iishe. Mguu unatoka mwembamba, goti gumu, na misuli ya paja, ambayo ndiyo mlinzi wa pia, imelala. Kifaa cha kushikilia goti kwa muda mfupi, kisha mazoezi mapema, hutosha kwa walio wengi.

Upasuaji huanza kuzungumzwa kwa uzito pale pia inapotoka mara ya pili, kwa sababu waliofika hapo, karibu nusu yao itawatoka tena. Huzungumzwa hata mara ya kwanza kama kuna kipande cha gegedu kinachoelea, na hicho hakingoji: kinatakiwa kirudishwe mahali pake ndani ya siku chache, kabla hakijavimba kikakataa kukaa. Tena wapo ambao pia yao ya goti haijawahi kutoka lakini maisha yamesimama. Hawashuki ngazi bila kushika ukuta, wanaogopa kugeuka jikoni. Wakishafanya mazoezi kwa dhati miezi kadhaa bila nafuu, nao wana haki ya kusikilizwa.

Picha, na namba za kuuliza

Usikubali tarehe ya upasuaji kabla hujaona picha na kuelezwa namba. Eksirei ya pembeni iliyopigwa sawasawa huonyesha kina cha mfereji na urefu wa kukaa kwa pia. MRI huonyesha ligamenti, gegedu na michubuko ya mfupa. Kama magoti yanagusana, huhitajika eksirei ya mguu mzima mgonjwa akiwa amesimama.

Namba ya kwanza ni uwiano wa Caton-Deschamps, unaopima kama pia imekaa juu. Karibu na 1.0 ni kawaida, ikizidi 1.2 imekaa juu. Ya pili huandikwa TT-TG, nayo ni umbali kwa milimita kati ya kile kinundu cha muundi na katikati ya mfereji. Chini ya 15 hakuna wasiwasi, kati ya 15 na 20 ni mpakani, juu ya 20 kinundu kimekaa nje mno. Uliza kama ilipimwa kwa MRI au kwa CT, kwa kuwa MRI huelekea kutoa namba ndogo kuliko CT kwa goti lilelile. Ya tatu ni aina ya mfereji, A hadi D. A ni ule wenye kina kidogo tu. B na D zina kinundu au uvimbe wa mfupa mahali ambapo pangekuwa na bonde.

Binti wa netiboli alikuwa na uwiano wa 1.1, TT-TG ya 16, na mfereji aina A. Kwa maneno mengine, mifupa yake haikuwa mibaya sana. Tatizo lake kubwa lilikuwa ligamenti iliyochanika na kupona ikiwa imelegea kama mpira wa suruali ya zamani.

Ni upasuaji upi

Unaofanywa zaidi leo ni kutengeneza ligamenti mpya ya ndani. Ile ya zamani ikishalegea, kuishona peke yake hakuaminiki sana kwa mtu ambaye pia imemtoka mara nyingi. Daktari huchukua kano nyembamba ya paja, mara nyingi ile ya upande wa ndani iitwayo grasilisi, na kuifanya ligamenti. Watu huniuliza kama mguu hautapungukiwa. Misuli mingine ya hapo hufanya kazi ile, na wengi hawaoni tofauti katika shughuli za kila siku.

Kwa yule ambaye TT-TG imepita 20, au pia imekaa juu sana, ligamenti mpya peke yake itabebeshwa mzigo usio wake. Hapo hukatwa kipande cha mfupa chenye kile kinundu, kikahamishwa ndani kwa kiasi cha sentimita moja hivi, au kikashushwa chini, kisha kikakazwa kwa skrubu mbili. Wazo hili ni la zamani. Daktari Roux alilieleza mwaka 1888. Hauser alilifanya kwa njia yake mwaka 1938, ila njia hiyo ilikirudisha kinundu nyuma, pia ikabanwa kwenye mfupa wa paja, na miaka ilivyosonga magoti hayo yakasagika. Fulkerson akaja mwaka 1983 na mkato wa mshazari unaokipeleka kinundu ndani na mbele kwa pamoja, ili pia isibanwe. Nalieleza hili kwa sababu linafundisha jambo ambalo mgonjwa anapaswa kulijua: pia inaweza kuzuiwa isitoke na bado goti likaharibika, kama imezuiwa kwa kubanwa.

Kuchimba mfereji wenyewe ni kazi kubwa zaidi. Mfupa chini ya gegedu huondolewa, kisha gegedu hulazwa upya ndani ya bonde jipya. Hufanywa kwa mifereji mibaya ya aina B na D, na si kwa mtu ambaye gegedu limeshalika wala kwa mtoto anayekua. Ukiambiwa unahitaji huu, muulize daktari amefanya mingapi. Si utovu wa adabu.

Upo wa nne ambao ningependa uuogope: kukata nyama na utando wa upande wa nje ili "kuilegeza" pia, bila kufanya kingine. Zamani ulifanywa sana. Kwa pia inayochomoka, ukifanywa peke yake hautibu sababu, na unaweza hata kuifanya pia ikose uimara upande wa pili. Kama nyongeza ndogo ndani ya upasuaji mwingine, kwa goti ambalo upande huo umekaza kweli, una nafasi yake.

Watoto wana sheria yao. Kinundu cha muundi hakihamishwi kabla mifupa haijamaliza kukua, kwa kuwa tabaka la ukuaji la mbele, yaani sehemu ya mfupa inayourefusha, likiumia, goti litaendelea kukua likipinda kwa nyuma. Ligamenti mpya inawezekana, mradi tundu la mfupa wa paja lichimbwe kwa kuongozwa na eksirei, chini ya tabaka la ukuaji. Na mtoto mwenye magoti yanayogusana anaweza kuwekewa vibati vidogo vinavyouongoza mfupa ukue ukinyooka. Hili lina wakati wake: mifupa ikishafunga, nafasi hiyo imekwisha. Usimcheleweshe mtoto kwa kungoja "atakua tu".

Kabla ya siku yenyewe

Mtafute daktari wa mifupa anayefanya magoti mara kwa mara. Kwa Tanzania wengi huelekezwa taasisi ya mifupa ya MOI pale Muhimbili, au hospitali ya KCMC Moshi. Kokote uliko, maswali ni yaleyale:

- Pia yangu inatoka kwa sababu ipi kati ya hizi, na upasuaji huu unaigusa vipi?
- Mashine ya eksirei ya chumba cha upasuaji itakuwepo na inafanya kazi?
- Skrubu na nanga za mfupa, vile vishikizo vidogo vya kano, zimo kwenye bei, au nitaambiwa nikanunue asubuhi hiyo?
- Nani atanifanyisha mazoezi, na kuanzia siku ya ngapi?

Kuhusu malipo, iwe ni NHIF Tanzania au SHA Kenya au bima ya kazini, pata kibali kwa maandishi kabla ya tarehe, chenye jina la upasuaji na vifaa vyake. Nimeona familia ikichangishana kwenye korido saa mbili kabla ya kisu kwa sababu skrubu hazikuwa kwenye kibali.

Mwambie daktari wa usingizi kila kitu: dawa za uzazi wa mpango, pumu, shinikizo, na kama una selimundu au kuna selimundu kwenu. Hilo la mwisho lina uzito wa pekee, kwa kuwa goti hupasuliwa mara nyingi huku paja limefungwa mkanda unaozuia damu, na mkanda huo unahitaji tahadhari kubwa kwa mwenye selimundu. Usipake rangi kucha wala piko vidoleni wiki hiyo. Kifaa cha kupima oksijeni hushikizwa hapo. Chakula huachwa saa 6 kabla, maji matupu saa 2 kabla, isipokuwa ukiambiwa vingine. Chai ya maziwa ni chakula.

Na anza mazoezi kabla. Goti linaloingia kwa upasuaji likiwa limevimba na halinyooki hutoka likiwa gumu.

Mezani, hatua kwa hatua

Nitaeleza ule wa ligamenti mpya, aliofanyiwa binti yule. Huchukua saa moja na kitu hivi, chini ya ganzi ya mgongo au nusukaputi.

Misuli ikishalala, daktari anaipima pia upya. Sasa hakuna woga wala paja lililokazwa, na goti linasema ukweli wake. Kisha anaingiza kamera kwa matundu mawili madogo, anakagua gegedu, anatafuta vipande vilivyomeguka, na kuitazama pia ikiingia na kutoka mferejini.

Hufuata kano. Mkato mdogo chini ya goti upande wa ndani, kano inavutwa taratibu, inapelekwa kwenye meza ya pembeni na kusafishwa nyama iliyoshikana nayo. Inakunjwa mara mbili, ncha zinashonwa kwa uzi mgumu. Ukiiona pale mezani, nyeupe na inang'aa, unene wake hauzidi kalamu, ila ina nguvu kuliko ligamenti ile iliyochanika.

Upande wa pia, ncha mbili hushikizwa kwenye nusu ya juu ya ukingo wa ndani, kwa nanga ndogo au matundu mafupi. Matundu makubwa yanayovuka pia nzima yamewahi kusababisha pia ivunjike.

Kisha inakuja sehemu ambayo upasuaji hushindia au hushindwa: pale kano itakaposhikizwa kwenye mfupa wa paja. Hapafai kukisiwa kwa kidole. Goti hupigwa eksirei ya pembeni palepale mezani, na daktari hutafuta nukta aliyoieleza daktari Schöttle na wenzake mwaka 2007. Makosa ya milimita chache yana bei. Kano ikishikizwa juu mno, kila goti linapokunjwa inakaza, na mgonjwa ataishi na goti linalouma na lisilokunja vizuri.

Mwisho ni kukaza. Goti huwekwa kwenye mkunjo wa digrii 30 hivi, pia ikiwa imeshakaa mferejini, na kano inafungwa bila kuvutwa. Huwa nawaeleza wagonjwa kwa kamba ya mbuzi: mbuzi akila ndani ya duara lake kamba imelegea, inakaza tu anapotaka kuvuka kwenda shamba la watu. Ligamenti mpya ndivyo inavyotakiwa. Ikiivuta pia muda wote, imekazwa kupita kiasi. Kwa hiyo kabla ya kufunga, daktari hulikunja goti hadi mwisho, hulinyoosha hadi mwisho, na kuhakikisha pia bado inasogea kidogo kwa kidole.

Wiki baada ya wiki

Hapa ndipo kazi yangu ilipo, na nitakaa kidogo.

Siku ya kwanza, goti limefungwa bandeji nene na paja halikusikii. Unaliamuru, halijibu. Hili huwatisha watu hadi kulia, na si kwamba mshipa wa fahamu umekatwa; goti lililovimba huizima misuli ya paja. Kunja taulo, iweke chini ya kisigino, si chini ya goti, kisha jaribu kulishindilia goti kitandani na kuhesabu hadi tano. Mara kumi, kila saa ukiwa macho. Mwanzoni utaona kitu kidogo tu juu ya pia, nyama inatetemeka kama uso wa maji yakiguswa na upepo. Hiyo tayari ni kazi.

Mto chini ya goti ni raha ya leo na kilema cha kesho. Ndugu watakuwekea kwa huruma, utoe.

Aliyefanyiwa ligamenti peke yake kwa kawaida hukanyaga mapema, kwa magongo mawili na kifaa cha kushikilia goti, kadiri maumivu yanavyoruhusu. Aliyehamishiwa kinundu hakanyagi kwa uzito wote kwa wiki 6 hivi, hadi eksirei ionyeshe mfupa umeanza kushika. Msichanganye ratiba hizi mbili hata kama mlilazwa wodi moja. Kwenye ngazi, mguu mzima hupanda kwanza na mguu mgonjwa hushuka kwanza.

Nyuzi hutolewa siku ya 10 hadi 14. Lengo la wiki sita za mwanzo ni goti linyooke kabisa, likunje digrii 90 na kuzidi, na mguu ulionyooka uinuliwe bila goti kushuka. Baiskeli ya kukaa huingia hapo, tandiko likiwa juu. Baiskeli ya barabarani bado, na bodaboda bado zaidi: mguu hauna pa kunyooka, na ukishuka ghafla unaukanyagia palepale.

Sasa mambo ya nyumbani ambayo vijitabu vya hospitali haviyaandiki. Choo cha kuchuchumaa hakifai kwa miezi kadhaa. Kiti cha plastiki kilichokatwa tundu katikati kimewasaidia wagonjwa wangu wengi. Swala iswaliwe kitini. Kupiga magoti na kukaa tahiyatu kutarudi taratibu, na aliyehamishiwa kinundu anaweza kusikia skrubu akipiga magoti hata mwaka baadaye. Mbuzi ya kukunia nazi akalie mwingine. Ndoo ya maji isibebwe hadi utembee bila kuchechemea.

Kuanzia mwezi wa tatu, mguu ukishapata nguvu, huingia kuchuchumaa nusu, kupanda kizingiti kwa mguu mmoja, kusimama kwa mguu mmoja macho yamefumbwa. Kukimbia mbele kwa mstari ulionyooka huja mwezi wa 3 au wa 4. Kuruka na kugeuka huja baadaye. Kipindi hiki ndicho wengi hunikimbia. Goti haliumi tena, nauli ya kliniki inauma, na mtu anasema nimepona. Paja lake ukilipima kwa futi ya kushonea bado limepungua sentimita mbili, tatu. Afadhali uje mara moja kwa wiki mbili ukiwa na mazoezi ya kufanya nyumbani kuliko kuacha kabisa.

Yanayoweza kwenda kombo

Rudi hospitali siku hiyohiyo ukipata homa, kidonda kikitoa usaha, au goti likiwa jekundu na la moto. Shavu la mguu likivimba na kuuma, hasa ukiona mguu mmoja umekuwa mnene kuliko mwingine, inaweza kuwa damu iliyoganda. Kifua kikibana au pumzi ikikatika, usingoje asubuhi. Ganzi kidogo ya ngozi karibu na mkato ni ya kawaida na mara nyingi hupungua.

Goti likishindwa kufika digrii 90 wiki ya sita, sema mapema. Linaweza kuwa limeganda ndani, na kadiri linavyochelewa ndivyo linavyokuwa gumu kulegeza. Pia ya goti kutoka tena baada ya upasuaji uliochaguliwa vizuri si jambo la kawaida. Likitokea, tafuta sababu iliyosahaulika kwenye zile namba za mwanzo kabla ya kukubali kisu cha pili.

Na maumivu ya mbele ya goti kwa walio na gegedu lililolika hayataisha yote. Upasuaji huu unaizuia pia isitoke. Haurudishi gegedu lililokwishaondoka.

Uwanjani

Michezo ya kugeuka ghafla, kama netiboli, mpira wa miguu na kikapu, huruhusiwa kati ya mwezi wa 6 na wa 9, na kalenda peke yake haitoshi. Namtaka mtu aruke kwa mguu uliopasuliwa umbali usiopungua asilimia 90 ya ule anaoruka kwa mguu mwingine, atue bila goti kuingia ndani, na ageuke pande zote bila kujiuliza. Binti yule alifika mwezi wa nane. Miruko ilikuwa sawa, lakini kila alipotua kwa mguu uliopasuliwa aliangalia chini. Tulimrudisha mazoezini wiki nne zaidi, kazi yake ikiwa kudaka mpira ninaourusha bila kumwambia upande. Alipoacha kuangalia chini, nikamwandikia kocha wake kwamba aanze na robo moja ya mchezo.

Kisha nikampima goti la pili, ambalo halijawahi kutoka. Mifupa hukua kwa jozi, na mfereji wa upande ule ulikuwa na kina kidogo vilevile. Halihitaji kisu. Linahitaji mazoezi yaleyale ya paja na nyonga, mara tatu kwa wiki, kwa muda wote atakaocheza.